Mzigo wa Kwenda Jinja

Mtu niliyemwonea wivu kuliko wote alilala upande wa pili wa moto, katika kibanda kimoja nami, kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Kaptagat. Kati yetu palikuwa na mafiga na majivu. Nyuma ya kichwa chake, juu ya vipande viwili vya mbao ili mchwa wasiifikie, ilikaa sutikesi yake.

Ilikuwa ya ngozi, rangi ya kahawia, pembe zake zimekazwa kwa shaba. Ilikuwa na vifungo viwili mbele, na alipovifungua vililia ta, ta, hata watu wa kibanda cha jirani wakajua sutikesi imefunguliwa. Pembeni ilibandikwa karatasi za meli na za hoteli. Yeye hakuwahi kulala katika hoteli yoyote. Aliachiwa na ofisa wake vita vilipokwisha, akatoka nayo Burma, akapanda nayo treni hadi Eldoret, na siku aliposhuka stesheni, nilivyosimuliwa, wapagazi walimwita bwana.

Kilichoniuma ni hiki. Katika laini ile ya vibanda vya wafanyakazi mimi ndiye niliyekuwa msafiri. Niliacha shule mapema kwa sababu shule yetu ilikuwa kando ya barabara, na kila gari lililopita nilitaka kujua linakwenda wapi. Siku moja nililifuata. Nilikata miwa Kibos, nikapanga magogo ya kuni za treni, nikaosha vyombo katika jikoni la hoteli mjini Eldoret, nikashika kamba ya ng'ombe mbele ya gari la Kaburu mmoja aliyesafirisha ngano hadi Kitale. Kote huko nilikwenda kwa miguu yangu na kwa hiari yangu. Yeye alipandishwa meli na serikali, akateremshwa na serikali, akarudishwa na serikali. Alisafirishwa. Lakini jioni, watu wakikaa nje kuota jua la mwisho, maswali yote ya safari alikuwa akiulizwa yeye.

“Afande, huko ng'ambo watu wanakula nini?”

“Wali.”

“Na bahari je?”

“Maji tu.”

Wakatikisa vichwa kana kwamba wamehubiriwa. Mimi ningeweza kuwaeleza juu ya Kibos peke yake mpaka posho iive na ilike, lakini nani angeniuliza? Mzigo wangu ulikuwa gunia.

Nataka nieleze gunia lile, kwa maana halikuwa umaskini kama watu walivyodhani. Nilikuwa nimelipasua upande mmoja likafunguka kama shuka. Ndani niliweka blanketi, ndani ya blanketi shati na kisu na chumvi katika kopo, sufuria katikati, kisha nikakunja na kuzungusha kamba mara mbili, ya msalaba, nikaacha kitanzi cha kupitisha bega. Mikono yote miwili ilibaki huru. Katika nchi ile ya walowezi, mtu aliyeonekana barabarani na sanduku kichwani alihesabiwa kuwa ametoroka kazi. Mzungu yeyote alisimamisha motokaa na kuuliza, wewe toka kwa nani, kipande ya kazi iko wapi? Mbwa walimfuata. Askari alitaka afungue. Lakini mwenye gunia begani anakwenda kuchukua unga, au anatoka kuchukua unga, na hakuna anayemtazama mara mbili. Nilijifunza hayo kwa kutembea. Sikununua sanduku maishani mwangu kwa sababu nilijua ninachofanya.

Wanawake wa laini hawakuona hivyo. Kulikuwa na mama mmoja, jirani yetu, mke wa mkamuaji wa ng'ombe, ambaye kila aliponiona narudi kutoka mahali alipiga makofi. “Amekuja! Hata panya akihama hubeba vitu kuliko huyu!”

Mama huyo huyo alikuja asubuhi moja ya Jumapili, amejifunga leso safi, akapiga hodi kwa sauti ambayo hajawahi kunipigia mimi. Kijana wake alikuwa anakwenda Kiplombe kwa wakwe.

“Afande, tusaidie na ile kitu. Hawezi kuingia kwa watu na kikapu.”

“Chukua, Mama.”

Nikasema, kwa nia njema kabisa, kwamba nazijua njia za Kiplombe, na kwamba iko ya mkato inayopita chini ya msitu wa mzungu wa pili, isiyo na tope.

“Ya nini mkato?” akasema. “Akipita mkato nani ataiona sutikesi?”

Ndivyo ilivyokuwa desturi pale. Sutikesi ilikwenda kwenye arusi, ubatizo na matanga. Mwinjilisti wetu aliiazima kwa mkutano wa kanisa, akaweka humo Biblia na taulo, basi. Ikirudi, ilirudi imepakwa mafuta na ikiwa na asante ndani yake: sukari kidogo, maharagwe, mara moja kuku mzima aliyefungwa miguu. Tulimla wote wawili, kwa kuwa tulipika chungu kimoja. Alikuwa kuku mtamu, na kila pande nililomeza lilinikumbusha kwamba gunia langu halijawahi kuleta hata yai.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Jumamosi moja nilikuwa mjini, nimesimama mbele ya duka la Mhindi mmoja mwenye malori, nikitazama wapakiaji wakipanga unga. Nikauliza unga unakwenda wapi. Jinja, wakasema. Serikali ya Uganda inajenga ukuta kuuzuia mto Naili, watu ni wengi kama siafu, na wote wanakula. Nikauliza mto ni mpana kiasi gani, ukuta unasimamaje ndani ya maji, maji yakizuiwa yanakwenda wapi. Mpakiaji mmoja akanitazama. “Kwa nini usiende uangalie? Dereva anataka tanboi wa kumsaidia njiani. Aliyekuwepo amevunjika mkono.”

Nikaingia dukani. Mhindi alikuwa anakunywa chai. Akanipima kwa macho, akasema nirudi Jumamosi inayofuata asubuhi, na mzigo wangu kabisa, maana lori litaondoka saa ile ile. Dereva ndiye atakayechagua kama wakija wengi.

Nilirudi Kaptagat nikikimbia kwenye miteremko. Sijui kama nitaweza kumweleza mtu aliyetulia jinsi nilivyoitaka ile nafasi. Nilikuwa nimefika Kitale na Kisumu, lakini mpaka wa Kenya sikuwahi kuuvuka. Nilitaka kuuona mto unaotoka ziwani na kwenda hadi nchi za Waarabu. Kwa lori ningeuona, na kurudi, na kuuona tena, na kazi yenyewe ilikuwa ni huko kwenda. Ilikuwa kazi ya kwanza niliyoisikia ambayo mtu kama mimi hangeiacha.

Na kwa sababu nilikuwa nimejaa furaha, nilimwambia. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Alikuwa anapaka mafuta vifungo vya sutikesi.

“Umewahi kuuona mto unaozuiwa?” nikamuuliza.

Akaweka kitambaa chini. “Nafasi ni ngapi?”

“Moja.”

“Basi mimi pia nitajaribu.”

“Wewe? Wewe umeshakwenda Burma!”

“Jeshini nilipanda malori. Kazi ya tanboi naijua.”

“Nafasi ni moja, nimekuambia.”

“Nimesikia. Achague mwenyewe dereva.”

Wiki ile sikulala vizuri. Kweli aliijua kazi. Kufunga turubai, kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, kuzungusha hendeli ya kuwashia injini, yote alifundishwa na jeshi. Lakini sikuogopa hilo sana. Niliogopa sutikesi. Nilimwona akiingia katika ua wa Mhindi na viatu vyake vya jeshi, sutikesi mkononi, na Mhindi akiweka chini kikombe cha chai. Kisha nilijiona nikiingia nyuma yake na gunia, na mtu akiniuliza makaa ni bei gani.

Jioni moja ya katikati ya wiki aliniambia, “Hebu nionyeshe unavyofunga mzigo wako.”

Nilidhani ananidhihaki. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza, na kitu ulichokigundua mwenyewe hutamani kukionyesha hata kwa adui. Nikafungua, nikakunja, nikazungusha kamba ya msalaba mbele yake. Akasema, “Tena.” Nikarudia.

Tiketi yangu ya kazi ya siku thelathini ilikwisha Alhamisi. Bwana akatia sahihi kwenye kipande, nikalipwa, na Ijumaa nikashuka mjini mapema ili nilale kwa mtu wa kwetu katika lokesheni, mtaa wa Waafrika. Lakini kwanza nilikwenda kwa fundi wa bati. Masanduku yake yalipangwa nje, ya kijani na mekundu, yamechorwa maua.

“Unataka la kusafiri ama la kuweka nyumbani?” akauliza.

“Kubwa.”

“Kubwa si jibu, rafiki yangu. Una vitu gani?”

“Vingi.”

Akanitazama mimi, akalitazama gunia langu, akayasogeza mbele yale makubwa kuliko yote. Nilichagua la kijani lenye maua ya manjano na mishikio miwili, la kubebwa na watu wawili. Mshahara wote uliishia pale. Gunia nililikunja nikaliweka ndani, chini kabisa, ili lisionekane. Nilipoliinua sanduku begani, sufuria yangu ilibingirika kutoka ukuta hadi ukuta, nikaingia lokesheni nikilia kama gari la maziwa.

Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ile ya Eldoret inayokata masikio. Nililibeba kichwani kandokando ya mto Sosiani, kisha begani, kisha nikalikumbatia. Askari alinisimamisha, kama nilivyojua siku zote kwamba angefanya, akakitazama kipande, akaniambia nipite. Hata hivyo nilikuwa na furaha. Sanduku lilikuwa kubwa kuliko sutikesi ile mara mbili.

Lori lilikuwa tayari uani, unga umepangwa, turubai limefungwa nusu. Wapakiaji walikaa kwenye ngazi. Pamoja nao alikaa mtu mwenye shati kuukuu na suruali iliyokunjwa hadi magoti, mzigo wa gunia begani, umefungwa kwa kamba ya msalaba, kitanzi mahali pake. Nilimtazama kama unavyomtazama mtu aliyevaa shati lako. Alikuwa yeye.

Sutikesi haikuwepo. Viatu havikuwepo.

Na yeye alikuwa anatazama sanduku. “Hilo la nani?”

“Langu.”

“Lote?”

Wapakiaji wakaanza kucheka kabla sijalitua. Mhindi akatoka na chai yake, akatuona wawili, akamwita dereva. “Mzee, chagua. Wewe ndiyo nakaa na yeye njiani.”

Dereva alikuwa mtu mzima, mpole, amevaa koti la mvua. Alilizunguka sanduku langu, akaligonga kwa kifundo cha kidole. Likatoa sauti ya kanisa tupu.

“Kijana, unahamia Jinja?”

“Hapana, Mzee. Nakuja kazi.”

“Na hili nitaliweka wapi?”

“Juu, Mzee.”

“Juu ya unga? Likiteleza kwenye mteremko wa Turbo si litaua mtu? Kuna nini ndani?”

Mpakiaji mmoja akafungua kifuniko. Blanketi, sufuria, kopo la chumvi, vyote vimejikusanya pembeni kama kuku walioogopa mvua.

“Huyu amebeba hewa!” akapiga kelele, na ua mzima ukaangua kicheko, hata Mhindi chai ikamwagika.

Nikasema haraka haraka kwamba mimi ni mtu wa gunia. Niliinama nikalitoa kutoka chini, nikamwonyesha, nikamwambia, Mzee, miaka yote nimetembea na hili, naweza kufunga sasa hivi, sanduku nitaliacha hapa hapa, na awe nalo anayelitaka.

Dereva hakuwa anacheka. “Mtu aliyezoea gunia,” akasema taratibu, “haji kazini na kabati.” Kisha akamgeukia mwenzangu, akashika kitanzi, akavuta kamba aone kama italegea. Haikulegea. “Umefunga mwenyewe?”

“Nimefunga mwenyewe, Mzee.”

Ulikuwa ukweli. Nilingoja aongeze neno, kwamba alifundishwa, na na nani. Akanitazama kidogo, akatazama magurudumu.

“Panda,” dereva akamwambia.

Wakati wanamalizia kufunga turubai nilimfuata upande wa nyuma wa lori. “Kwa nini hukuja na sutikesi?”

Alikuwa ameshapanda. Akainama ili wengine wasisikie. “Nilitaka kuja kama wewe. Wewe unaondoka, hakuna anayekuuliza. Unarudi, hakuna anayekuuliza. Mimi nikigusa tu ile kitu, laini nzima imesimama: Afande unaenda wapi, Afande unarudi lini, Afande utatuletea nini. Tangu nitoke vitani nakutazama ukitupa gunia begani na kwenda. Nimekuonea wivu mpaka nimechoka.”

Pengine mtu mwingine angepoa kusikia hivyo. Mimi nilizidi kuwaka. Kila kitu changu kilikuwa kimepanda lile lori: fundo langu, gunia langu, Jinja yangu, na sasa hata wivu alidai kwamba alikuwa nao mwingi kuliko wangu.

“Sutikesi iko nyumbani,” akasema. “Nitunzie.”

Nilirudi Kaptagat na sanduku. Nyapara alinirudisha kazini siku ile ile, kwa kuwa ngano ilikuwa imeiva. Mama jirani alinipokea njiani, akashika mshikio mmoja kunisaidia, akaliinua, akashangaa wepesi wake, akaliachia kwa kucheka. “Umeoa? Ama bibi atakuja kuingia humu?”

Watu waliendelea kuja kuazima sutikesi, na sasa waliniomba mimi. Walipiga hodi vizuri. Waliniletea maharagwe. Nilikuwa nimetamani jambo hilo kwa muda mrefu, na sasa nilikaa nalo kwenye kibanda, nikisikia vile vifungo vikilia ta, ta, huku mawazo yangu yote yakiwa juu ya magunia ya unga, mahali fulani baada ya Tororo, ng'ambo ya mpaka.

Alirudi baada ya mwezi mzima. Nilipata habari kwamba lori liko mjini, nikaomba ruhusa, nikashuka. Nilimkuta uani anakula mkate na chai. Alikuwa amenenepa. Sikumwamkia vizuri hata kidogo.

“Mto ukoje?”

“Upi?”

“Upi! Naili!”

“Ah. Mkubwa.”

“Mkubwa kama nini? Maji yake rangi gani? Yanapiga kelele? Ukuta umefika wapi?”

Akatafuna. “Sikutazama sana. Tukifika, tunashusha unga, nalala. Tukitoka, nalala. Ule unga ni laini, ndugu yangu, kuliko kitanda chochote cha jeshi.”

“Hukuamka darajani?”

“Daraja lipo?”

“Umelivuka mara ngapi na hujui kama lipo?”

“Dereva alisema nikipata nafasi nipumzike.” Akanitazama kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililonichoma. “Kuna jiwe kubwa sana pale Tororo,” akasema, akijaribu kunisaidia. “Hilo niliona. Dereva aliniamsha nishuke nikojoe.”

Nikaanza kumwagiza kama unavyomwagiza mtu dukani. Nikamwambia, mkikaribia Jinja, kaa upande wa kushoto. Tazama maji yanapotoka ziwani. Angalia kama yanaonyesha kwamba yanajua yanakoenda. Angalia watu wanaojenga wanasimama juu ya nini. Nusa. Aliitikia kwa kichwa kila neno, akimalizia chai yake.

“Kwa nini usingoje,” akasema, “nikiacha kazi nikuambie?”

“Utaacha lini?”

Akafikiri kwa uaminifu. “Sidhani kama nitaacha. Ni kazi nzuri.”

Dereva akapiga honi. Mwenzangu akapanda nyuma, akakagua kamba za turubai moja moja, kwa mikono inayojua. Nilisimama barabarani na kulitazama lori likichukua njia ya Turbo. Nilitaka kumwona akigeuza uso upande wa mbele, hata mara moja. Halikuwa limepita nyumba za mwisho za mji nilipomwona akilipanga gunia langu chini ya kichwa chake, yaani gunia lake, akajinyoosha juu ya unga, akajifunika kofia usoni.